Nilivyowagawa Bukuru na Butoyi Ili Niwahi Nyumbani

Nianze na upumbavu wangu, maana nisipousema mimi mtausikia kwa jirani yangu Mama Yunisi, na yeye huutia chumvi mpaka hauliki. Mimi, msaidizi wa kisheria mwenye mafunzo, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na mwavuli wa ofisi, niliwahi kuafiki mapacha wagawanywe, mmoja aende kwa baba na mwingine abaki kwa mama, kwa sababu wingu lilikuwa limetanda juu ya kijiji cha Busunzu na nilikuwa nimeacha maharage jikoni. Tena niliyaandika makubaliano hayo kwa mwandiko mzuri. Maneno "haki na usawa" nikayapigia mstari. Kisha nikawahi gari.

Sasa nimestaafu. Ofisi imenipa blanketi na saa ya ukutani, nadhani ili nijue nimelala kwa muda gani. Nanyi vijana mnaobaki pale Kibondo mmeniomba niandike niliyoyaona. Vyeo sitavitaja, katika ofisi yetu kulikuwa na vyeo viwili tu, Mama Skola na wasaidizi wa Mama Skola. Mshahara nao tuuache ulale.

Niliingia kazini na cheti cha kidato cha nne na tai ya shemeji yangu. Mama Skola alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kabla ya kuianzisha ofisi yetu, na macho yake yalikuwa bado ya mahakamani. Aliitazama ile tai, akaniuliza, "Wewe ni wakili?"

"Hapana, mama."

"Basi vua, watu wasije wakakosea."

Asubuhi ile nzima alinikalisha mlangoni niwaambie wateja: "Mimi si wakili. Naweza kukueleza sheria, naweza kukuandikia, naweza kukusindikiza. Kukusemea mahakamani siwezi." Nilisema maneno hayo mara nyingi kuliko Baba Yetu. Wateja walisikiliza kwa heshima, wakaitikia "Ego," yaani ndiyo, halafu wakaniita wakili. Juzi sokoni mtu ameniita hivyo tena, na kitambulisho nimesharudisha.

Kifaa kikubwa cha ofisi ile si vile vitabu vya kabatini. Ni benchi. Mtakuwa mmeona kwamba lina mguu mmoja mfupi, na pengine mmedhani ni umaskini. Mama Skola ndiye aliyekataa lisitengenezwe. Mume na mke waliokasirikiana waliketishwa juu yake, mmoja huku, mwingine kule, na mmoja akisimama ghafla kwa hasira, mwenzake anakwenda chini. Ikawalazimu kuambiana: "Nasimama." "Haya, simama." Kuna watu ambao hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nasikia mna mpango wa viti vya plastiki. Sina la kusema, mimi nimestaafu. Ila benchi msilichanje kuni.

Kuhusu kesi za watoto alinifundisha hivi: "Usimuulize mtu nani ana haki ya mtoto. Wote wanayo, wamekuja nayo kutoka nyumbani. Muulize nani anamkata mtoto kucha. Muulize mtoto akishtuka usingizini anaita nani, na chakula gani hakitaki." Nikamwambia sheria yenyewe haitaji kucha, inasema kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Akanijibu, "Na ustawi unaanzia wapi kama si kwenye kucha?"

Mimi kasoro yangu kazini ilikuwa moja, lakini ilitosha: sipendi kutoka nyumbani. Napenda jiko langu, migomba yangu nyuma ya nyumba, na redio inayoongea peke yake. Nikifika mwisho wa lami ya mjini huanza kukumbuka kama nilifunga banda la kuku. Mama Yunisi, ambaye tumepakana kwa ua wa minyaa na haoni ua wowote kuwa kizuizi, alikuwa akimwambia mke wangu, "Mama Eliza, huyu mume umemfuga vizuri. Hata mlango ukiwa wazi hatoki." Sasa mtu wa namna hiyo anapewa kazi ya kuzunguka vijijini. Ndiyo maana nikagawa mapacha.

Mama yao ni Leokadia wa Busunzu. Baba yao ni Nashoni, mfanyabiashara wa maharage katika soko la Kasulu. Watoto ni wasichana, wakati ule walikuwa na miaka minne, na majina yao mnayajua kabla sijayataja, maana kwetu mapacha hawatafutiwi majina: aliyetangulia ni Bukuru, aliyefuata ni Butoyi. Leokadia na Nashoni waligombana juu ya jambo moja tu, mahali pa kuishi. Nashoni alitaka wote wahamie Kasulu kwenye biashara. Leokadia alikuwa na nyumba yake na muhogo wake juu ya ardhi aliyopewa na baba yake, akasema Kasulu ataisikia redioni. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna mlevi. Kesi za hivi ndizo ngumu, kwa sababu huna wa kumkasirikia. Nami nilikuwa na ugumu wa ziada, kwamba moyoni nilimwelewa Leokadia kuliko alivyojielewa mwenyewe.

Baraza la usuluhishi la kata lilikaa mchana kutwa. Ukoo wa Nashoni ulisema mahari ililipwa, kwa hiyo watoto ni wao. Ukoo wa Leokadia ulisema mahari haipiki uji. Wakaenda hivyo, wakarudi hivyo, mpaka baba mdogo wa Nashoni, mtu mcheshi, akasimama na kusema, "Jamani, Mungu ameleta watoto wawili, na wagombanao ni wawili. Tunatafuta nini tena hapa?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kikafanana sana na suluhu. Bukuru, mkubwa, aende Kasulu kwa baba. Butoyi abaki. Mwenyekiti akaniuliza mimi mtu wa sheria naonaje. Nikatazama juu, nikaliona wingu. Nikasema naona ni jambo la busara.

Mama mzazi wa Leokadia alikuwa amekaa pembeni na hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Aliuliza, "Mapacha?" Hakujibiwa. Akainuka, akafunga upya kitenge chake, akaondoka. Nikadhani na yeye anaiwahi mvua.

Kesho yake nikampelekea Mama Skola kazi yangu. Aliisoma akiwa amesimama, dalili mbaya kwake.

"Umegawa watoto au umegawa sahani?"

"Wamekubaliana wenyewe, mama."

"Baraza linasuluhisha. Kumpa mtu mtoto ni kazi ya mahakama. Karatasi yako hii nenda ukafunikie mtungi. Na huyo mama, alikubali au alichoka?"

Wakati ule sikujua kama hayo ni mambo mawili. Akanirudisha Busunzu nikamuulize. Leokadia alikuwa akimenya muhogo mlangoni, Butoyi yuko mgongoni, ingawa alikuwa amevuka umri wa kubebwa. Nikamweleza yale niliyopaswa kumweleza siku ya baraza: kwamba mahari haimfanyi mtoto kuwa mali ya ukoo, na kwamba sheria huona ni vema mtoto aliye chini ya miaka saba akae na mama yake, labda iwepo sababu ya kuona vingine. Hakuinua macho.

"Wao walisema wangeweza kuwachukua wote wawili," akasema. "Walisema kuniachia huyu mmoja ni huruma."

"Twende mahakamani basi."

"Mzee, niache kwanza. Nikienda kudai yule, nisije nikanyang'anywa na huyu."

Nikarudi nyumbani mapema, na kwa mara ya kwanza kuwahi nyumbani hakukuninogea.

Sasa yakaanza mambo ambayo sheria haikuyaandika. Kwetu mapacha hawapewi kitu mmoja mmoja. Ukimvika huyu, umvike na yule, na ukimnyoa huyu, wembe usikauke kabla ya kumnyoa mwenzake. Ukikiuka, mmoja atadhoofika. Kama unaamini au huamini ni shauri lako, lakini hakuna mzazi wa kwetu Buha anayetaka kuwa wa kwanza kujaribu. Nashoni akimnunulia Bukuru ndala nyekundu Kasulu, ilibidi anunue na za Butoyi na kumpa konda wa basi azishushe Busunzu. Leokadia akimnyoa Butoyi, ilibidi apige simu Kasulu wembe uanze na huko. Makonda wa njia ile walizifahamu nguo za watoto wale kuliko za kwao. Watu walioachana kwa sababu hawawezi kukaa pamoja sasa walikuwa wanapigiana simu kuliko wachumba.

Butoyi akashikwa na malaria. Nashoni akafunga duka, akambeba Bukuru mzima wa afya mpaka hospitali. Muuguzi akamuuliza, "Huyu anaumwa nini?"

"Haumwi. Mwenzake yuko Kibondo, ndiye anayeumwa."

Dada yake Nashoni, Debora, aliyekuwa akimlea Bukuru, ndiye aliyenisimulia hayo. Anasema muuguzi alimpima joto tu na kuwaaga vizuri. Nami huwa nawaambia watu kwamba makubaliano yangu yaliheshimiwa kuliko hukumu nyingi za mahakama: usawa nilioupigia mstari ulitekelezwa mpaka kwenye ndala.

Halafu siku moja Leokadia akaingia ofisini bila kubisha hodi. Akakaa kwenye benchi peke yake, likayumba.

"Butoyi anakula nusu," akasema.

Mama Skola akaacha alichokuwa akifanya. "Nusu ya nini?"

"Ya sahani. Walikuwa wanakula sahani moja, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Sasa nampa sahani yake. Anakula mpaka katikati, anaacha. Nikimpa kidogo, anakula nusu ya hicho kidogo. Nikimjazia, nusu. Amekonda, mama. Nimekuja mwenyewe. Niandikieni."

Tuliandika maombi kwenda Mahakama ya Wilaya ikae kama Mahakama ya Watoto. Kwa kuwa sikuruhusiwa kumsemea, nilimfanyisha mazoezi. Nilikaa nyuma ya meza nikajifanya hakimu, nikamuuliza maswali kwa sauti nzito. Aliniangalia, akasema, "Baba Eliza, kama hakimu yuko hivyo, mimi narudi nyumbani." Basi tukaacha sauti, tukabaki na maswali. Nilimfundisha kusema alichokiona kwa macho yake na kuyaacha ya ukoo yakae na ukoo. Vijana, hilo lishikeni. Mtu akisema "wote wanajua kwamba," mwambieni aanze upya.

Mahakama ikaagiza taarifa ya ustawi wa jamii. Afisa wetu alikuwa binti mgeni kutoka Pwani, mchapakazi, asiyejua Kiha hata cha kununulia ndizi, kwa hiyo ikabidi nimsindikize katika nyumba zote mbili. Busunzu sawa. Lakini Kasulu! Nilikagua banda la kuku mara mbili kabla ya kuondoka. Mama Yunisi alinitazama nikitoka na begi, akamwita mke wangu aje ashuhudie.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta Debora mwanamke mkorofi, ingenirahisishia. Tulimkuta mtu safi, uwanja umefagiliwa, mtoto amesukwa vizuri na kucha zimekatwa. Nikakata tamaa kidogo. Tulisalimiana kwa Kiha, mwakeye zote, za watu, za mifugo na za mashamba, huku yule binti wa Pwani akitabasamu na kuitazama saa. Debora akapakua. Ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na sahani ya mtoto pembeni yetu.

Bukuru alikula vizuri, kwa hamu. Alipofika katikati akaacha. Akapitisha kidole kwenye ugali kama mtu anayeweka mpaka wa shamba, akarudisha mikono mapajani, akakaa. Hakuondoka. Nzi alipotua upande ule mwingine wa sahani, alimfukuza.

Nikamuuliza kwa Kiha, "Hiyo ni ya nani?"

"Ya Butoyi."

"Butoyi yuko wapi?"

"Anakuja."

Nikamtafsiria afisa. Alikuwa anaandika, akaacha. Debora alikuwa amegeukia ukuta. "Kila siku anasema anakuja," alisema. "Nami namwitikia, ndiyo, anakuja. Nimechoka kumwitikia huyu mtoto, mzee. Wewe ndiye mwenye sheria, mwambie wewe."

Nilisema nadhani maharage yamekolea mawese. Busunzu tulikuwa tumeona sahani ya pili, imeliwa upande mmoja vilevile. Katikati ya sahani zile mbili kulikuwa na barabara nzima ya kutoka Kibondo hadi Kasulu, na mwandiko wangu.

Siku ya shauri Mahakama ya Watoto ilikaa katika chumba cha kawaida, na askari hakuvaa sare. Hakimu alikuwa mwanamama mwenye miwani ya kusomea, hakufanana hata kidogo na yule niliyemwigiza. Nami nilikaa nyuma kabisa, nafasi ya msaidizi wa kisheria, ambayo kazi yake ni kutoa macho. Leokadia alisimama. Alieleza sahani, sahani tu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukoo haukutajwa. Nilitamani kupiga makofi, ila nikakumbuka mimi si wakili na pia si mtazamaji wa mpira.

Watoto walikuwa wameingizwa, huyu na shangazi, yule na bibi yake mzaa mama. Debora alikuwa amebeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, maana safari ilikuwa ndefu. Akalifunua, akaliweka chini. Mapacha hawakukumbatiana wala kulia, ingawa ndivyo mlivyokuwa mnangojea. Walichuchumaa, huyu upande huu, yule upande ule, wakala. Chumba kizima kilikuwa kinatazama bakuli. Walipomaliza, Butoyi alifuta bakuli kwa kidole.

Hakimu akamgeukia Nashoni. "Baba, wewe unataka nini?"

Nashoni alikuwa amekuja na baba yake mdogo, yule mcheshi, ambaye alimgusa kiwiko kumkumbusha walichopanga. Nashoni akasogeza kiwiko.

"Mheshimiwa, mtoto ninaye. Kwa maana hiyo nilishashinda," akasema. "Ila kila mchana nakaa naye nikimbembeleza. Mimi nataka amalize chakula."

Amri ikatoka kwamba watoto wote wawili wakae na mama yao Busunzu. Baba awaone kila Jumapili, na likizo waende Kasulu, wote wawili kwa pamoja, asiende mmoja. Nje, bibi yao mzaa mama alinishika mikono yote miwili, akasema, "Wakili, umetetea vizuri." Sikuwa nimefungua mdomo tangu chai ya asubuhi. Nikamwambia mimi si wakili. Akaitikia, "Ego, wakili."

Miaka mingine iliyobaki niliifanya kazi kwa namna moja tu tofauti: nilipokwenda kwenye baraza, sikuacha kitu jikoni. Mama Skola alistaafu kabla yangu, akaniachia benchi na onyo kuhusu wingu. Ninyi nawaachieni vyote viwili.

Mwezi uliopita Leokadia alikuja kuniaga kwa kustaafu kwangu, na kuku mkononi. Mapacha sasa ni wanafunzi, wanabishana kwa sauti njia nzima. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga.

"Na huyu?" nikauliza.

"Kiza."

Kwetu huyo naye hatafutiwi jina. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Kiza. Nikauliza kwa adabu habari za baba yake. Leokadia akatazama migomba yangu.

"Si ni yule yule wa Jumapili, mzee. Alikuwa anakuja kuona watoto, mvua inanyesha, magari hayapo."

"Kwa hiyo amehamia Busunzu."

"Ahame aache soko?"

"Basi wewe unahamia Kasulu."

"Mimi?" akasema, akacheka kama mtu aliyeulizwa kama atahamia mwezini. "Kasulu nafanya nini?"

Alipoondoka nilikaa barazani nikiwa nimejaa kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Mama Yunisi alikuwa upande wake wa minyaa, amesikia yote, maana hakukosa neno hata moja tangu ahamie pale. Nikamwambia, unaona sasa, mama, matunda ya sheria: watu walikuja kwangu wawili wanagombana, leo wana watoto watatu. Akamalizia kuanua nguo zake bila haraka, akaweka beseni kiunoni, akasema:

"Hakuna aliyehama, Baba Eliza, kwa hiyo watagombana tena. Na huyo Kiza hana pacha. Safari hii ukiona wingu, utampasua?"